Fidla na Paleti ya Braque (1909): ule msumari wa juu unafanya kazi gani?

Mkwaju_Mmoja

Wakuu, salaam.

Naandaa vipindi viwili vya sanaa, dakika 80 kila kimoja, kuhusu Kubizimu, ule mtindo wa Braque na Picasso wa kuvunja umbo la vitu kuwa vipande. Picha niliyochagua ni Fidla na Paleti ya Georges Braque, rangi za mafuta juu ya kitambaa, sm 91.7 kwa 42.8, iliyopo Makumbusho ya Guggenheim, New York.

Vitabu vingi vya kufundishia vinasema Kubizimu ni "kuonyesha kitu kutoka pande zote kwa wakati mmoja". Nikiikagua picha hii, mgongo wa fidla siuoni popote. Maelezo hayo ni sahihi au tunakaririshana tu?

Halafu kule juu kabisa paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) imening'inizwa kwenye msumari uliochorwa kama wa kweli, na kivuli chake. Kila kitu kimevunjwavunjwa, msumari ukaachwa mzima. Kwa nini?

Na kwa nini ala za muziki? Kwa Braque na Picasso ni fidla, gitaa, mandolini, klarineti, mpaka mtu anachoka.

La vitendo: zoezi gani nifanye darasani lisiloishia kwenye fidla ya kawaida iliyokatwakatwa kwa rula? Bajeti ni manila, mkaa wa kuchorea na tyubu chache za akriliki.

Nawasilisha.

---

Ukindu

Mwalimu, umeona vizuri. Mgongo haupo, na hata ungekaa na picha siku nzima usingeupata.

Hayo maneno ya "pande zote" yalienezwa zaidi na Jean Metzinger na Albert Gleizes, ambao nao walikuwa wachoraji. Kuanzia 1910 Metzinger aliandika kuhusu mchoraji kukizunguka kitu, na kitabu chao cha pamoja kikatoka 1912. Kwa baadhi ya picha yanafaa. Kwa hii yanapotosha, maana mwanafunzi ataanza kutafuta mgongo na ubavu kama anayetafuta vipande vya fumbo, na jambo lenyewe litampita.

Fidla ya Braque imekaa karibu uso kwa uso na wewe. Kinachobadilika ni mwinamo: kipande cha kifua cha ala kinatazamwa kana kwamba umehama nusu hatua, kingine kana kwamba umeinama kidogo, nyuzi zinakatika na kuendelea pembeni ya pale zilipoishia. Tofauti zenyewe ni ndogo. Sasa hamisha macho kutoka kwenye fidla uangalie hewa iliyoizunguka. Nayo imevunjwa kwa mabapa, yaani vipande bapa vya rangi, kama vya fidla, kwa rangi zilezile. Hapo ndipo penye uzito wa picha hii. Nafasi tupu kati ya vitu imepewa mwili, ukaona kama ungeweza kuipapasa.

Braque mwenyewe alieleza baadaye kwamba perspektivi ya kimapokeo haikumridhisha kwa kuwa inavisukuma vitu mbali na anayetazama. Tangu karne ya 15 picha ya Ulaya ilikuwa kama dirisha: vitu vimesimama upande wa pili, vikipungua kadiri vinavyokwenda mbali. Braque alitaka kinyume chake, vitu vije mbele hadi mkono uvifikie. Tazama alivyovipanga. Chini fidla, juu yake karatasi za noti za muziki, juu kabisa paleti. Hakuna meza inayorudi nyuma. Vimesimamishwa kimoja juu ya kingine kama vyombo kwenye kabati jembamba, na ndiyo maana kitambaa chenyewe ni kirefu kuliko upana kwa zaidi ya mara mbili.

Swali la ala linajibiwa na mambo mawili. La kwanza ni hilohilo la mkono. Ala haikamiliki kwa kutazamwa. Hata ikiwa kimya, macho yanajua pa kushika na pa kupitisha upinde. Braque alikuwa na ala kwenye chumba chake cha kazi, na alisema kuwa ala ina faida ya kuamshwa kwa kuguswa. La pili ni la ufundi, na darasani ndilo lenye faida zaidi. Ukivunja chungu unabaki na vigae, na kigae kimoja hakikwambii kilikuwa chungu, bakuli au mtungi. Ukivunja fidla, kila kipande bado kinataja jina la mwenyewe: tundu la umbo la f, kichwa kilichojikunja kama konokono, kiuno kilichobonyea, nyuzi nne. Mchoraji anayetaka kuvunja umbo kwa kiwango kikubwa bila kumpoteza mtazamaji anahitaji kitu chenye alama za namna hiyo. Wengi wetu Pwani tunaijua fidla kutoka kwenye taarab, kwa hiyo alama hizo wanafunzi wako watazitambua bila kuelekezwa.

Msumari sasa. Umechorwa kwa mbinu ya kale ya kudanganya jicho: una unene, una mwanga wa upande mmoja, una kivuli. Kwa hiyo turubai moja ina namna mbili za uchoraji. Ule msumari unakwambia: "Kuchora kama zamani najua, tazama." Hapohapo unazua utata. Kivuli chake kinaangukia wapi? Kikiangukia ukuta uliochorwa, basi ukuta una kina. Kikionekana kuangukia kitambaa chenyewe, basi msumari umepigiliwa kwenye picha, na picha ni kitu bapa kinachotundikwa kama paleti ile ile. Braque hakutoa jibu. Alirudia mzaha huo kwenye Fidla na Jagi, iliyoko Makumbusho ya Sanaa ya Basel, Uswisi. Kwenye Piano na Mandola, pacha wa picha yako kwa ukubwa na iliyopo Guggenheim vilevile, kazi ya msumari inafanywa na mshumaa: uko mzima, umenyooka, na kila kitu kando yake kinameguka.

Chimbuko kwa ufupi tu. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne alifariki 1906, mwaka uliofuata Paris ikafanya onyesho kubwa la kumkumbuka. Mwaka 1908 Braque alichora mandhari ya L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, kwa kumfuata Cézanne, Salon ya msimu wa kupukutika majani (onyesho la kila mwaka la Paris) ikazikataa, Daniel-Henry Kahnweiler akazionyesha Novemba kwenye duka lake dogo la picha. Mhakiki Louis Vauxcelles akaandika gazetini kuwa Braque anageuza kila kitu kuwa miche ya mraba, kwa Kifaransa cubes. Jina likaganda.

---

Msasa120

Ukindu kamaliza nadharia. Mimi nakujibu zoezi.

Karatasi: manila ya A2 ni sm 42 × 59.4. Kata upana ubaki sm 27.7, urefu usiuguse. Utapata uwiano uleule wa picha ya Braque. Kipande cha sm 14.3 kinachobaki usikitupe, ni cha kujaribia rangi. Ibandike manila kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, vinginevyo maji ya akriliki yataikunja na mabapa yote yatapinda.

Usitumie picha ya simu. Kamera ina jicho moja lililosimama mahali pamoja, na zoezi lote linategemea kuhama. Weka fidla halisi (mwili wake una takriban sm 35.5) na isisogezwe. Mwanafunzi achore kwa mkaa mara tatu, dakika kumi kila mchoro: akiwa mbele yake, akiwa amehama nusu hatua kushoto, na akiwa amesimama akiitazama kwa juu. Michoro yote mitatu fidla iwe na urefu mmoja, tuseme sm 30. Wakikosea hapa vipande havitakaa pamoja na hakuna dawa ya baadaye.

Kisha michoro iwekwe dirishani, mmoja juu ya mwingine, kile kidaraja kinachobeba nyuzi kikae juu ya kidaraja. Hicho ndicho nanga. Anakopi shingo na kichwa kutoka mchoro mmoja, kiuno kutoka mwingine, sehemu ya chini kutoka wa tatu. Mistari haitaungana kwenye maungio. Msiirekebishe! Ile hitilafu ya milimita tano au sita ndiyo inayofanya nyuzi "zikatike" kama kwa Braque.

Sasa hewa. Kanuni ni moja: hakuna mstari unaoruhusiwa kwenye mandharinyuma usiotoka kwenye kitu. Ukingo wa shingo unarefushwa nje ya fidla, mkunjo wa kiuno unarefushwa, upinde unarefushwa. Mistari 12 hadi 15 inatosha kabisa. Ikizidi 25 utapata kioo kilichopasuka.

Rangi tyubu nne: nyeupe, oka ya manjano (manjano ya udongo), amba mbichi (hudhurungi ya udongo), nyeusi. Nyeupe nunua mara tatu ya nyingine. Changanya ngazi tano kabla brashi haijagusa manila: nyeupe tupu, kisha nyeupe vijiko 6 kwa amba 1, kisha 3 kwa 1, kisha 1 kwa 1, ya mwisho amba na tone la nyeusi. Kijani kilichofifia cha Braque usikinunulie tyubu, maana nyeusi ikikutana na oka hutoa kijani chenyewe. Hilo pia ndilo chanzo cha wanafunzi kulalamika kuwa "rangi imeoza": wametia giza kwenye oka kwa nyeusi bila kujua. Wakitaka hudhurungi, watumie amba. Na akriliki hukauka ikiwa imekolea zaidi ya ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kile kipande, ngoja dakika kumi na tano.

Upakaji. Kila bapa liwe na giza ukingo mmoja, lififie kuelekea ukingo wa pili. Ukingo wa giza ukae jirani na mwanga wa bapa la pili. Halafu, na hapa ndipo wengi huanguka, kila bapa liachwe wazi upande mmoja, rangi yake iingie kwenye bapa la jirani bila mpaka. Wafaransa huiita pasaji, nao waliirithi kwa Cézanne. Bila hiyo fidla inabaki ndani ya mstari wake na hewa nje, yaani umechora fidla ya kawaida ukaivalisha nguo ya viraka.

Makosa ya kutegemea: mwanga mmoja kwa picha nzima (kila bapa lina mwanga wake, vinginevyo unarudi kwenye dirisha); kufunga kila ukingo; kuvunja fidla tu na kuacha nyuma pakiwa rangi moja.

Msumari uwe wa mwisho, sm 1.5, brashi nyembamba, mwanga kutoka upande mmoja tu, kivuli kimoja. Tenga dakika ishirini kamili. Ukichorwa ovyo mzaha wote umekufa.

---

Mkwaju_Mmoja

Nimewasoma wakuu, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Yamebaki mawili. Najua kabla kipindi hakijaisha mtu atauliza: "Si waliiba kwenye vinyago vya Afrika?" Nijibu vipi bila kuteleza? Na huku fidla ni moja tu na ya kuazima, ila udi upo. Unafaa?

---

BapaLaKijivu

Nianze kwa kumpinga Msasa kidogo. Mistari ya kurefusha isifike ukingoni yote. Kwenye picha za 1910 na 1911 msongamano uko katikati, na kuelekea pembe picha inalegea, rangi inakuwa nyepesi, mahali pengine kama haijamalizwa. Pembe nne ziliwasumbua Braque na Picasso kiasi kwamba wote wawili walianza kutumia vitambaa vya umbo la yai. Mistari mitatu au minne ikifika ukingoni inatosha.

Kuhusu vinyago: tenganisha miaka. Sanaa ya Afrika ilikuwa imeshamgusa Picasso mwaka 1907, alipotembelea makumbusho ya Trocadéro na kuchora Wasichana wa Avignon. Lakini kwenye Fidla na Paleti ya 1909 deni lililo wazi ni la Cézanne, na ukimwambia mwanafunzi aonyeshe kinyago kiko wapi pale atakwama. Deni la Afrika linarudi kwa nguvu 1912, na safari hii kwenye ala ya muziki. Agosti mwaka huo Picasso alinunua Marseille vinyago vya Wagrebo, watu wa Liberia na Côte d'Ivoire. Macho ya kinyago cha Kigrebo hayakuchimbwa ndani. Ni mapipa madogo yanayochomoza mbele. Miezi michache baadaye Picasso akaunda gitaa la katoni, nyuzi na waya, na tundu la sauti, ambalo kwenye gitaa halisi ni shimo, yeye akalifanya pipa linalochomoza. Kahnweiler, aliyewafahamu wote kwa karibu, ndiye aliyeandika kuhusu uhusiano huo. Alichojifunza Picasso hapo ni kanuni ya kazi: alama haihitaji kufanana na kitu ili isomeke kuwa ni kitu hicho. Kilichochomoza kinaweza kusomeka kuwa shimo, mradi kikae mahali pake. Wachongaji wa Kigrebo walikuwa wanaijua hiyo kabla ya Paris. Neno "kuiba" waachie wajadiliane wao, ila wajadiliane kwa kitu wanachoweza kukionyesha kwa kidole.

Gitaa hilo la katoni, na la bati aliloliunda mapema 1914 (sm 77.5 kwenda juu), yote yako Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Kabla yake mchongaji wa Ulaya alichonga au alifinyanga. Hapa mtu anakata, anakunja, anaunganisha, na ndani panabaki wazi. Kwa kipindi cha pili ningelifanya hili badala ya picha ya pili ya rangi. Katoni za sabuni zinafaa. Mgongo kipande kimoja kizima chenye umbo la gitaa, sm 60. Uso usiwe mzima: nusu tu, upande mmoja, uinuliwe sm 5 kutoka kwenye mgongo kwa mikunjo ya katoni. Bomba la kadibodi la karatasi za msalani likatwe sm 6, lisimame kwenye mgongo kama tundu. Shingo ikunjwe kama mfereji ulioachwa wazi, nyuzi ni uzi wa kushonea magunia. Kosa la wengi ni kufunga sanduku pande zote. Wakimaliza wana gitaa la kuchezea la mtoto. Gundi ya unga inalainisha katoni, kwa hiyo shoneni maungio kwa sindano nene na uzi.

Msisahau na karatasi za kubandika. Septemba 1912, akiwa Sorgues, kusini mwa Ufaransa, Braque alinunua mjini Avignon karatasi ya ukutani iliyochapwa mfano wa mbao, akaikata na kuibandika kwenye mchoro wa mkaa. Haikumjia kwa bahati. Baba na babu yake walikuwa mafundi wa rangi na mapambo ya nyumba, naye alisomea kazi hiyo, akajua kuiga mishipa ya mbao kwa kupitisha kitana kwenye rangi mbichi. Picasso alikichukua kitana hichohicho akakitumia kwenye nywele na masharubu ya Mshairi, 1912. Kwa fidla zenu, kitana cha plastiki chenye meno ya milimita 2 kinatosha. Kipitishwe rangi ikiwa nzito na kabla haijaanza kushika, yaani ndani ya dakika mbili au tatu kwa akriliki.

Kuna fidla ya Picasso ya mwishoni mwa 1912, mali ya makumbusho ya Pompidou, Paris, ya kuwaonyesha hata kwa dakika tano. Kipande cha gazeti kimekatwa viwili. Kimoja ni mwili wa fidla, cha pili kikapinduliwa kikawa hewa nyuma yake. Matundu ya f ni mawili, moja kubwa, moja dogo. Karatasi yenyewe ni bapa tupu, lakini kwa tofauti ile ya ukubwa tu jicho linasoma fidla iliyogeuzwa upande.

---

Ukindu

Kuhusu udi: unafaa, tena una undugu na habari hii. Braque ana Mandora ya 1909 hadi 1910, iko makumbusho ya Tate, London, na mandora ni ala ndogo ya ukoo wa luti, ambayo Ulaya iliipata pamoja na jina lake kutoka kwa udi wa Waarabu. Tahadhari ni hii: udi hauna kiuno, na tumbo lake ni duara, kwa hiyo unatoa pembe chache za kurefusha. Tegemea alama nyingine. Kichwa cha vigingi kimepinda nyuma karibu pembe mraba, hicho kikionekana tu kinatosha kuutaja. Matundu kwa kawaida ni matatu, kubwa moja na madogo mawili. Nyuzi kwa kawaida ni 11, jozi tano na mmoja wa peke yake. Wanafunzi wachore jozi mbili tu zinazokatika, wakichora zote watapata wavu. Mgongo una mbavu za mbao zilizopangwa kama vipande vya chungwa. Ugeuze kwa mchoro mmoja kati ya ile mitatu, mbavu zitakupa mistari yote unayoikosa mbele. Hapo utakuwa umeonyesha na mgongo ambao Braque hakuuonyesha, kwa hiyo waambie wazi kuwa umetoka kwake.

---

Msasa120

Nyongeza ya uchapaji. Ukiichapa picha kwenye A4 inapungua hadi theluthi ya ukubwa wake, na msumari unakuwa kidoa tu. Chapa mara mbili: picha nzima, na robo ya juu peke yake kwenye karatasi yake. Na iwe ya rangi. Fotokopi ya nyeusi na nyeupe inakifuta kile kijani, na kivuli cha msumari kinaungana na ukuta.